Wageni wawili wa Tabora

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeidhalilisha ardhi kwa waja wake wapate kutembea katika pande zake na kula katika riziki zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mwaka 2022 kijana mmoja wa msikitini kwetu Bagamoyo alirejea kutoka Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, ambako alikwenda peke yake kutafuta nafasi ya masomo. Tulipomzunguka baada ya swala ya Isha, wengi walimuuliza juu ya ile minara pacha yenye urefu wa mita 452, juu ya treni zipitazo angani bila dereva na juu ya masoko yasiyolala. Aliyajibu yote kwa furaha. Lakini nilipomuuliza ni kitu gani hatakisahau, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sheikh, nilipotea usiku wa kwanza. Mzee mmoja nisiyemjua alinishika mkono, akanipeleka msikitini, akanipa chakula, akakaa nami mpaka nikapata mahali pa kulala. Minara nitaisahau, mzee yule sitamsahau."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikajiuliza: mimi niliyevuka miaka 50, niliyesoma chuoni na chuo kikuu, mbona sijawahi kufika Tabora? Sisi watu wa Bagamoyo tumezaliwa mwanzoni mwa njia. Upande wa pili wa njia hiyo iko Tabora, na mbele yake Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wazee wetu walikwenda na kurudi kwa miguu, nasi tumebaki kuisimulia njia bila kuiona. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo nikakata tiketi ya treni ya zamani ya reli ya kati, nikasafiri peke yangu.

HUKUMU YA KUSAFIRI PEKE YAKO

Kabla sijaondoka, mwanangu mkubwa alinikumbusha hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Umar (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari, ambamo Mtume (S.A.W.) anatahadharisha kwamba lau watu wangelijua yaliyomo katika upweke, asingesafiri mtu usiku peke yake. Nilifurahi kwa ukumbusho huo, kwani ni haki ya mzazi kukumbushwa na mtoto aliyemlea. Nilimwambia kwamba wanazuoni wengi wameichukulia tahadhari hiyo kuwa ni kwa ajili ya hatari za njia: kupotea, kuugua na kuvamiwa bila msaidizi. Ama mwenye kusafiri katika chombo kilichojaa watu, katika njia yenye amani, huyo hana upweke uliokusudiwa, japokuwa hana mwenzake.

Vilevile nilijikumbusha ruhusa za msafiri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kukusudia mwendo wa takriban kilomita 80 na zaidi ana ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne kuwa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, maadamu hajanuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Mimi nilinuia siku tatu tu. Ruhusa hizi ni sadaka ya Mola wetu kwa msafiri. Zinatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe anamhesabu aliye mbali na kwao kuwa ni mtu wa kuhurumiwa.

NJIA YA MIGUU NA NJIA YA CHUMA

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni takriban kilomita 840 kwa reli. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nilikaa dirishani nikayapitia majina niliyoyasikia tangu utotoni: Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi. Safari iliyotuchukua zaidi ya mchana mmoja na usiku wake, misafara ya wazee wetu iliichukua kama miezi mitatu.

Msafara mkubwa ulikuwa mji unaotembea. Mbele alikwenda kirangozi na bendera yake, baragumu likilia, na nyuma yake wapagazi kwa mamia, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Kwenda bara walibeba shanga, nyaya za shaba, kaniki na nguo ya merikani, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilifumwa Marekani. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Walivuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, wakaingia Ugogo walikotozwa hongo, maana yake katika siku hizo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya watu na kunywa maji ya visima vyao. Kisha walikata vichaka vya Mgunda Mkali, ambavyo hata leo ukiviona kutoka dirishani karibu na Itigi, utashukuru kwamba uko ndani ya behewa.

Ni haki tuseme ukweli juu ya wapagazi hawa. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi huru, waliobeba kwa ujira na kwa fahari, na walikuwa wameshaijua njia ya pwani kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaizoea njia ya bara. Kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa bado hajaiona bahari alihesabiwa kuwa hajakua. Lakini katika njia hiyohiyo walipita pia wengine ambao hawakupewa ujira, wala hawakuulizwa kama wanataka kusafiri. Hao nitawarejea.

"UNA MTU HAPA TABORA?"

Treni yetu ilifika Tabora usiku wa manane, na mji umelala. Nilikuwa sijapanga pa kufikia. Kijana wa bodaboda alinitazama kofia na kanzu, akasema: "Sheikh, panda nikupeleke msikitini, asubuhi utajua pa kwenda." Alinifikisha katika msikiti mmoja wa mitaa ya Gongoni, akakataa kupokea zaidi ya nauli ya kawaida. Nililala barazani, begi likiwa mto.

Baada ya swala ya Alfajiri, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alinisogelea. Tukaamkiana, akaniuliza natokea wapi. Nilipomwambia Bagamoyo na kwamba upande wa mama yangu ni Wazaramo, uso wake ulibadilika akacheka kwa sauti mpaka waumini wakageuka.

"Kumbe ni mtani wangu!" akasema. "Wazaramo walitutesa sana babu zetu njiani. Leo umeingia mwenyewe Unyanyembe. Hutoki hapa mpaka ulipe hongo."

"Nitalipa, mzee wangu," nikamjibu. "Hongo yenu ni kiasi gani?"

"Utalala kwangu siku tatu, na utakula kila utakachopewa. Una mtu yeyote hapa Tabora?"

"Sina, mzee wangu. Sina mtu."

"Basi sasa unaye."

Utani huu baina ya Wanyamwezi na makabila ya pwani si mzaha mtupu. Ni urithi wa njia ya misafara. Watu waliokutana kama wageni, wakauziana, wakagombana na wakazikana porini, walifanya maafikiano ya kwamba watachekeana badala ya kupigana, na kwamba mmoja akifiwa ugenini mtani wake atasimama mahali pa ndugu. Qur'ani Tukufu katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, imetufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kujuana kuliko huo.

Nyumbani kwa mzee nilikaribishwa kwa chai na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, vinavyoliwa pamoja na karanga. Wapo wenyeji wasemao kwamba jina la Tabora limetokana na chakula hicho. Mke wake alikuja kunisalimia kwa heshima ya kwao, "Mwangaluka," nami nilijifunza kuitikia hivyohivyo. Kila asubuhi palikuwa na bakuli la asali ya misitu ya miyombo, nyeusi na nzito. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba haki ya mgeni ni kukirimiwa vyema mchana na usiku wake, na ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Mzee yule aliijua hadithi hiyo na akaitekeleza kwa hesabu kamili.

MJI ULIOJENGWA NA WAGENI

Tabora ya leo ni manispaa yenye zaidi ya watu 300,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Haina minara inayogusa mawingu. Ina miembe. Miembe imesimama kandokando ya barabara, uani kwa watu, misikitini na shuleni, na wakati ule matunda yalikuwa yameanza kuiva huku mvua zikiwa zimechelewa. Mwembe si mti wa asili wa Unyamwezi. Uliletwa na watu wa njia. Kila mwembe mkongwe unaouona ni alama kwamba mgeni mmoja alipita hapo, akala, akaacha kokwa.

Mji huu ulikuwa makutano. Kutoka hapa njia moja ilikwenda magharibi kwa Uvinza na Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Wazungu wa kwanza waliofika, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia tarehe 7 Novemba 1857, wakiuita mji huo Kazeh. Walikuwa wagonjwa na wachovu. Aliyewapokea ni mfanyabiashara Muislamu wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliyewapa nyumba na chakula, akamsaidia Burton kutafuta wapagazi na akamfundisha habari za lugha za bara. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, aliuandika wema huo kwa shukrani.

David Livingstone naye aliishi kwa ukarimu wa Waislamu kwa muda mrefu. Alipougua vibaya mwaka 1869, mfanyabiashara Muhammad bin Gharib ndiye aliyemuuguza na kumfikisha Ujiji akiwa amebebwa. Baada ya kukutana na Henry Morton Stanley huko Ujiji mwaka 1871, wawili hao walikuja pamoja mpaka Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, wakaingia Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone alibaki katika tembe ya hapo hadi Agosti akisubiri wapagazi. Miezi michache baadaye, Mei 1873, alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Nilipoyasikia haya yakisimuliwa, nakiri kwamba niliona fahari. Nilisema moyoni: hawa ndio wazee wetu, waliomkirimu mgeni asiyekuwa wa dini yao wala wa rangi yao. Fahari hiyo ilidumu mpaka siku ya pili.

SWALI LA MTOTO

Siku ya pili mzee wangu alinipeleka Kwihara. Tembe ile imekarabatiwa na kufanywa makumbusho. Ni nyumba ya udongo, yenye paa tambarare, kuta nene na uwanja wa ndani. Tulikuta wanafunzi wa shule ya msingi wamekuja na mwalimu wao. Mwalimu, aliponiona, aliniomba kwa adabu niwaambie watoto neno juu ya historia ya dini katika njia ya misafara. Nikawaeleza kama nilivyozoea: kwamba Uislamu ulifika Unyamwezi pamoja na biashara, kwamba njia ilileta Kiswahili, swala, hati na chuo, na kwamba Snay bin Amir alikuwa mkarimu.

Binti mmoja, mwenye umri wa miaka 11 au 12 hivi, alinyoosha mkono. "Sheikh," akaniuliza, "na watu waliofungwa minyororo wakapitishwa hapa, waliowafunga walikuwa wanaswali?"

Mwalimu alitaka kumnyamazisha. Nilimzuia. Lakini jibu sikuwa nalo. Nilitazama ukuta, nikamtazama mzee wangu, naye aliinamisha kichwa. Mwishowe nikasema: "Ndiyo, mwanangu. Baadhi yao walikuwa wanaswali."

Ndugu msomaji, sikulala vizuri usiku ule. Wapo miongoni mwetu ambao, likitajwa suala hili, hukimbilia kusema kwamba Wazungu walifanya makubwa zaidi ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, au kwamba machifu wa bara nao waliuza watu. Yote mawili ni kweli katika historia, na hakuna hata moja linalomjibu yule mtoto. Dhulma ya jirani haiwi udhu wa dhulma yako. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873, na soko la Zanzibar likafungwa. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Miaka yote hiyo Qur'ani ilikuwa ikisomwa.

Nilifungua msahafu nikasoma Suratut-Tawba, aya ya 60, ambayo kila mwanafunzi wa fikihi anaihifadhi kwa ajili ya mlango wa zaka. Mwenyezi Mungu anataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Mara ngapi nimeifundisha aya hiyo! Usiku ule niliyaona mafungu mawili kana kwamba sijawahi kuyasoma: kuwakomboa watumwa, na msafiri aliyekatikiwa njiani. Wote wawili wamo katika aya moja.

Tabora ilipokea wageni wa aina mbili. Yupo mgeni aliyekuja kwa hiari yake, mwenye barua, bunduki na nguo za kubadilishana. Huyo alitandikiwa mkeka, akaletewa wali na nyama. Na yupo mgeni aliyekuja kwa nguvu, kutoka Manyema na kwingineko ng'ambo ya ziwa, asiye na jina katika vitabu. Mkono uliomnawisha mgeni wa kwanza, mara nyingine ndio huohuo uliomfunga mgeni wa pili. Kumkirimu mgeni mwenye heshima si kazi ngumu. Hata mtu asiye na imani hulifanya hilo, kwani ndani yake mna sifa na faida. Mizani ya imani ni yule mgeni wa pili.

Na hatuna haki ya kusema kwamba hakuna aliyeielewa dini sawasawa. Sisi wa Bagamoyo tunamjua Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, Kongo ya mashariki, akaletwa pwani akiwa mtoto, akiwa mtumwa. Alipitishwa katika njia hiihii. Alipata kusoma, akafanya biashara, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na watu waungwana wakapiga magoti mbele yake kutafuta elimu. Alifariki mwaka 1931, na hadi nyakati zetu watu wamekuwa wakimiminika Bagamoyo kwa ajili ya ziara yake. Mtoto aliyepitishwa Tabora bila hiari ndiye aliyewafundisha dini watu wa pwani. Jibu hilo ndilo nililopaswa kumpa yule binti, nami nalitoa hapa, nikitumaini kwamba mwalimu wake atamsomea.

Vilevile ni haki kuutaja wema wa mkoa huu katika zama zetu. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi kwa maelfu walipewa ardhi Ulyankulu, mkoani Tabora, na vilevile Katumba na Mishamo. Walilima, wakazaa, na kuanzia mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu wa makazi hayo matatu walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Hao nao hawakuja kwa hiari. Safari hii mgeni wa pili alipewa jembe na shamba.

MSAFIRI WA KITI CHA MBELE

Siku ya kuondoka mzee wangu alinisindikiza stesheni na chupa ya asali. "Hongo umelipa," akasema, "lakini risiti sikupi, ili urudi." Tukakumbatiana.

Katika behewa, mbele yangu aliketi mwanamke wa makamo pamoja na binti aliyevaa mtandio uliofifia rangi, mwenye mfuko wa plastiki magotini. Treni ilipoanza kutembea binti alikazana kutazama nje mpaka taa za mwisho zilipopotea. Nikampa karanga. Nilimuuliza kama yule ni mama yake. Akatikisa kichwa. Mwanamke akajibu kwa niaba yake: "Hapana Sheikh, nampeleka Dar kwa watu, kazi za ndani. Nyumba nzuri, ya watu wa dini."

"Una umri gani, mwanangu?" nikauliza.

"Kumi na sita," akajibu yule mwanamke. Binti alitazama chini.

Usiku, tulipokuwa karibu na Manyoni, mwanamke akiwa amelala, binti aliniuliza kwa sauti ndogo: "Babu, Dar es Salaam ni mbali bado?" Nikamwambia ni mbali. Akauliza tena: "Mtu akitaka kurudi, nauli ni shilingi ngapi?" Hapo nilielewa kwamba yuko peke yake kuliko mimi. Mimi nilikuwa na simu, pesa, jina na kanzu inayofungua milango. Yeye alikuwa na mfuko wa plastiki.

Ndipo likanijia jambo lililoniumiza. Nilipoulizwa Gongoni kama nina mtu Tabora, nilijibu kwamba sina. Haikuwa kweli. Nyumbani kwetu aliishi binti miaka sita, akiwapikia na kuwafulia watoto wangu. Alikuwa ametoka mkoa wa Tabora. Aliondoka kwenda kuolewa, nami sikuwahi kumuuliza jina la kijiji chao. Nilikuwa nikitoka kwenda kuhutubia juu ya haki za jirani, na yeye ndiye aliyenipigia pasi kanzu. Nilikuwa na mtu Tabora. Ila sikumhesabu kuwa mtu wangu.

Asubuhi nilizungumza na yule mwanamke kwa upole. Nilimwomba namba ya simu ya wazazi wa binti, nikaiandika katika karatasi mbili, moja nikampa binti aifiche vizuri, pamoja na nauli ya kurudi. Sikufanya kubwa zaidi ya hilo, na bado najiuliza kama lilitosha.

NENO KWA FAMILIA ZETU

Ndugu Waislamu, njia ya misafara haijafungwa. Mizigo imebadilika tu. Kila wiki watoto wa bara huletwa mijini kwa treni na kwa basi, na wengi wao huingia katika nyumba zetu sisi tunaoswali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mtoto wa miaka 14 hapewi ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Hiyo ni sheria ya nchi. Sheria ya Mola wetu imetangulia. Katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewaita watumishi wetu ndugu zetu, akaamuru walishwe tunachokula, wavishwe tunachovaa, na wasibebeshwe wasichokiweza, na wakibebeshwa basi tuwasaidie. Naye Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume miaka 10, ameshuhudia kwamba hakuambiwa hata mara moja neno la kuudhika.

Basi na ajichunguze kila mwenye nyumba. Je, binti anayekupikia unajua jina la baba yake na kijiji chao? Anakula na familia, au anakula makombo jikoni baada ya wote kulala? Mshahara wake unampa mkononi, au umeshikwa na aliyemleta? Anasoma madrasa pamoja na watoto wako, au anawabebea mikoba tu mpaka mlangoni? Je, akiugua unampeleka hospitali, au unamkatia tiketi?

Na tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) ametutajia dua tatu zisizo na shaka ya kupokelewa: dua ya mdhulumiwa, dua ya msafiri, na dua ya mzazi kwa mwanawe. Binti aliye mbali na kwao ni msafiri. Akidhulumiwa, amekusanya mbili. Na mama yake kule kijijini, anapoinua mikono usiku, anakamilisha ya tatu. Nani katika sisi anaweza kusimama mbele ya dua hizo tatu?

Niliporudi Bagamoyo nilimweleza mke wangu yote. Yeye, tofauti na mimi, alilijua jina la kijiji: ni huko Sikonge. Alikuwa na namba pia, kwani walikuwa wakisalimiana kila Idi bila mimi kujua. Tukampigia. Nilimwomba radhi kwa yale niliyompunguzia. Akanyamaza muda, kisha akasema, na nilimsikia akitabasamu: "Baba, umefika mpaka Tabora, ukakosa kufika kwangu?"

Insha'Allah nitarudi, na safari hii nitajua pa kufikia.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotutangulia, na utusamehe sisi tunaojua zaidi yao na tukafanya kidogo. Wahifadhi wasafiri wote, walioondoka kwa hiari na walioondoshwa na shida, na ujaalie nyumba zetu ziwe mahali pa amani kwa kila anayeingia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.